Usafi wa Ndani

Mashine ya mradi ilianza kigugumizi baada ya Idi, na tangu hapo Kibwana hakuwa na raha. Wenziwe pale ofisini iliwaudhi tu. Walibonyeza, wakangoja, wakasonya, wakaenda zao kunywa chai, wakarudi wakaikuta bado imeganda na kile kidude cha saa ya mchanga kinajipindua palepale kama mtu aliyekosa usingizi. Kwa Kibwana lilikuwa jambo jingine kabisa. Yeye mkewe alikuwa mle ndani.

Si uchawi, ni sauti. Miaka minne nyuma, walipokuwa bado Mbuchi, walikuja watu wa mradi wa mikoko na kinasa sauti chao, wakawa wanapita mashambani kuwauliza wanawake habari za mpunga, za ndege, za boriti. Mwantumu walimkuta juu ya dungu, lile jukwaa la miti la shambani, anaamia ndege wasile mpunga. Hakushuka. Aliwaambia kama wanataka maneno yake wapande wao, maana yeye akishuka na ndege wanashuka. Wakapanda. Wakamwuliza kwa nini watu wa delta wanakata mikoko ilhali serikali imekataza.

Naye akajibu, na jibu hilo ndilo lililokuwa ndani ya mashine:

"Mikoko tunakata, baba. Tusipokata tule nini, tumle huyo aliyekataza? Nyama yake yenyewe ngumu, amekalia kiti miaka yote!" Hapo anacheka. Kisha anawafukuza ndege, huyaaa, huyaaa, na debe linagongwa. Kisha sauti inakwenda mbali kidogo, kama mtu aliyegeuza shingo: "Wewe Kibwana! Mtumbwi unakwenda na maji huo! Umefunga kamba au umefunga mkia wa paka?" Halafu anacheka tena, kicheko cha pili, kirefu, kinachokatika katikati akivuta pumzi. Basi, imekwisha.

Hicho ndicho Kibwana alichobakiwa nacho. Picha Mwantumu hakuwahi kupigwa. Kaburi lake lilikuwa karibu na ukingo, na mto ule hauna adabu. Masika moja ulikula ukingo, ukala na makaburi. Na alivyokufa, ndiyo habari yenyewe ya nchi hii. Homa ilimpanda alfajiri, zahanati ikasema apelekwe hospitali. Boti ya zahanati, ile yenye injini, iko wapi? Imekwenda kuwatembeza wageni waliokuja kutazama mahali pa kufugia kamba wa majini. Wawekezaji, ndivyo walivyoitwa, neno jipya wakati ule, watu wakilitamka kama wanatamka jina la mtakatifu. Walitembezwa kutwa nzima, wakanywa maji ya chupa, wakaahidi, wakaondoka, hawakuonekana tena mpaka leo. Mwantumu alipelekwa kwa mtumbwi wa pondo. Hakufika.

Kibwana hakulia sana. Alikasirika, na hasira ile ikawa ndiyo kilio chake.

Aliuacha mtumbwi kwa shemeji yake, akapanda Kibiti, akapata kazi ya kufagia na kuangalia jenereta kwenye ofisi ya mradi uleule wa mikoko. Ofisi yenyewe lilikuwa ghala la chama cha ushirika, zamani za korosho. Ushirika ulipokufa wakubwa walisema umeuawa na soko huria, kana kwamba soko huria ni mtu, ana mikono. Kibwana aliwajua waliouua. Walikuwa na matumbo, na baadhi yao walikuwa bado wanapita barabarani kwa gari. Ghala likapigwa chokaa, likatiwa meza, likatiwa kompyuta moja, likaitwa ofisi. Harufu ya maganda ya korosho haikutoka.

Karani wa mashine alikuwa Waride, binti wa Mohoro, wa nyumba za wafanyabiashara wa zamani, mdomo wake hauna kufuli. Ndiye aliyeigundua sauti. Siku hiyo Kibwana alikuwa anafagia chini ya meza.

"Mjomba Kibwana," Waride alisema, "kule Mbuchi akina Kibwana mko wangapi?"

"Wengi tu. Kwani vipi?"

"Kuna mmoja humu anasutwa na mkewe, mpaka raha."

Akabonyeza. Kibwana alisikia debe kwanza, kabla ya maneno. Halafu akaisikia ile kamba na mkia wa paka. Ufagio ukamtoka mkononi, akakaa chini kwenye takataka alizokuwa ameshazikusanya. Waride alicheka, kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Kanda zenyewe, zilipokwisha kuingizwa kwenye mashine, dereva wa mradi alikuwa ameshazirekodia taarabu. Sauti ilibaki mahali pamoja tu duniani, mle kwenye mashine, na Waride alikuwa ameihifadhi kwa jina la Mwantumu. Kibwana alikuwa na darasa la tatu, lakini jina la mkewe aliweza kulisoma. Hakulipenda lilivyokaa.

"Mbona umemwandika hivi?"

"Hivi vipi, mjomba?"

"Hivi mtupu, kama anaitwa sokoni. Mtu akishatangulia ana heshima yake. Weka marehemu."

"Mjomba, hii mashine tu."

"Na mimi ni mumewe."

Waride akafuta, akaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU. Alitaka kuongeza jina, mara afisa akaita anataka chai, akainuka, likabaki hivyo. Kibwana akaona inatosha. Marehemu wake alikuwa mmoja tu.

Toka hapo kila Ijumaa, baada ya swala, watu wakishatawanyika, Waride alimvutia kiti. Kibwana alikaa na kofia yake gotini, akatukanwa na mkewe mara moja, mara nyingine mbili, akashukuru, akaenda kuzima jenereta. Alikuwa anajibu, Waride alimwona. Kimyakimya, midomo tu: "Nimefunga, nimefunga."

Sasa mashine ilipopata kigugumizi, Mwantumu naye alikipata. "Mikoko tu... tu... tunaka..." Kimya. Saa ya mchanga inapinduka. "...kata, ba..." Kile kicheko cha pili ndicho kilichoumia zaidi, kilitoka vipandevipande kama kikohozi cha mgonjwa. Mwanamke aliyekuwa na ulimi mwepesi kuliko wote Mbuchi, mashine imemtia ububu! Kibwana alishindwa kuvumilia. Akaenda kwa afisa.

Afisa wa mradi aliitwa Bwana Sadala, mtu mnene, mchangamfu, hodari wa kuanza kila jibu kwa neno "tatizo".

"Tatizo, mzee Kibwana, fungu la matengenezo halipo."

"La chai lipo."

"La chai ni la wageni."

"Mashine inakufa, bwana mkubwa. Ifanyiwe usafi tu. Hata mimi nikiambiwa pa kufuta nitafuta."

Bwana Sadala alicheka mpaka kiti kikalia. "Wewe unataka mashine isafishwe upate kusikiliza mizimu yako! Waride ameniambia. Mizimu, mzee, inataka ubani, haitaki umeme."

Walicheka na dereva, na mtu mmoja aliyekuja kutafuta kibali cha boriti naye akacheka ili akubaliwe. Kibwana akatoka. Tangu siku hiyo aliapa kwamba habari ya mkewe haitamtoka tena mdomoni mbele ya watu.

Fungu ambalo halikuwepo lilipatikana siku ilipokuja habari kuwa wafadhili wanakuja. Ndivyo ilivyo. Mwenye nchi akiumwa hakuna dawa. Mgeni akipiga chafya dawa inatoka kabatini. Wafadhili walitaka kuona ramani na ripoti kwenye kioo, na Bwana Sadala asingewakalisha watu wa Ulaya wakitazama saa ya mchanga. Akapiga simu Dar es Salaam, aje fundi.

Fundi alikuja siku ya Ijumaa, asubuhi, ameteremka kwenye basi na mkoba mmoja na vumbi kichwani. Aliitwa Azan, kijana mwembamba, mwenye adabu, maneno yake ya mjini.

"Shikamoo mzee wangu. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Yuko huku."

Mashine ilikuwa imewashwa, na juu yake Waride ameitandika khanga kuikinga na vumbi la malori yaliyokuwa yakipita kwenda kwenye daraja la mtoni. Azan aliweka kiganja juu, akakitoa upesi.

"Dada, hii unaifunika hivi hivi, inawaka?"

"Vumbi, kaka."

"Sasa hii si wali, haipaliwi! Mashine inapumua, dada. Itazame, ina matundu huku. Ikishazimwa na kupoa, hapo uifunike hata na blanketi." Akageuka. "Na jenereta nani anazima?"

"Mimi," Kibwana alisema.

"Unasema kwanza, au unazima tu?"

"Nazima. Wamesema saa kumi, saa kumi nakata. Mafuta yao."

"Ndo mnamnyonga hivyo. Kabla hujazima, dada aizime mashine taratibu, iage. Ukikata ghafla inaangusha kila ilichokuwa nacho mkononi."

Kibwana alikuwa amekata ile jenereta kila siku ya Mungu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyemwambia kwamba mashine inaaga. Wao walimwambia saa tu.

Azan aliizima mashine, akaitoa barazani, akafungua kava lake. Waride akapiga ukelele. Ndani palikuwa shamba. Vumbi jekundu limelala kama unga, feni imevaa manyoya, mjusi kafiri ametaga mayai mawili meupe pembeni, na kwenye boksi la umeme nyigu wamejenga nyumba ya udongo, imara, kuliko nyumba nyingi za Kibiti.

"Kimeo hiki," Azan alisema. "Brashi haitoshi. Nataka upepo wa nguvu. Kuna mtu ana kompresa hapa?"

Kompresa ilikuwa moja, kwa Mrisho fundi pancha, kando ya barabara kuu. Kibwana aliibeba mashine mwenyewe. Azan alitaka kuipokea, akakataa. Aliibeba kifuani, mikono miwili, na watu wakasimama kuwatazama.

"Nayo ina pancha?" Mrisho aliuliza.

"Ina mimba," Waride alisema. "Nyigu."

"Haya, ilaze tuizalishe. Lakini tairi la hiyo lori lilitangulia, na dereva wake mkali."

Dereva wa lori mwenyewe alikuja kuona, akasahau ukali. Azan alishika mpira wa upepo kwa mbali, anapuliza kidogokidogo, huku feni ameizuia kwa kidole isizunguke ikaungua. Vumbi lilitoka wingu zima, likamvaa Mrisho, akawa mwekundu mpaka kope. Nyigu mmoja aliyekuwa hai alitoka naye akamchagua Mrisho. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Kibwana naye alicheka. Alijisikia anacheka akashangaa, maana sauti hiyo hakuisikia siku nyingi.

Waliporudi barazani, Azan alichomoa kijibao kirefu chembamba, akakisugua meno kwa kifutio cha penseli.

"Hii nini tena?" Kibwana aliuliza.

"Hii, mzee, ndo kumbukumbu ya mashine."

"Hii? Mbona kama kitana?"

"Ndo hiyo. Ikishika kutu kwenye meno inasahau."

Kibwana alisogea karibu. Akatazama huku na huku. Waride alikuwa ametumwa na Bwana Sadala kutafuta sambusa za mgeni. "Na sauti ya mtu," aliuliza kwa sauti ya chini, "inakaa humo?"

"Hapana, hapo pa kupitia tu. Vitu vyote vinakaa huku, kwenye diski. Kwani mzee una muziki wako humu?" Azan alitabasamu.

Neno lilimfika Kibwana mdomoni. Lakini Bwana Sadala alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na kile kicheko cha mizimu bado kilikuwa masikioni. Akalimeza. "Nauliza tu," alisema.

Mashine ilirudishwa mezani, ikawashwa. Feni ikavuma laini.

"Nje tumemaliza," Azan alisema. "Sasa usafi wa ndani."

"Si ndani huko tulikopuliza?"

"Ndani ya ndani, mzee. Uchafu usioonekana. Virusi, mafaili yaliyokufa, vitu vya zamani vimejazana, vingine vimekatika vipande. Natoa visivyotakiwa, kisha vilivyobaki navipanga upya, kila kitu mahali pake. Itakuwa nyepesi, utashangaa."

Adhana ilikuwa imeshaingia. Kibwana alitawadha pale bombani, akavaa kofia. Azan alisema yeye msafiri, ataswali baadaye. Akitoka, Kibwana alimsikia fundi akiuliza: "Bosi, nini nisiguse?" na Bwana Sadala akijibu, mdomo umejaa: "Ripoti na ramani. Na picha za harusi ya binti yangu, hizo ni muhimu. Mengine ondoa, yanajaza tu."

Aliyasikia kwa masikio yake mawili. Lakini Mwantumu kwake hakuwa miongoni mwa mengine. Hata haikumjia kwamba kuna mtu anaweza kumhesabu humo.

Msikitini khatibu alizungumzia subira. Kibwana alipoinua mikono aliomba dua moja tu, na ilikuwa ya mashine. Aliomba isafishike, ipone, impe mkewe ulimi wake. Akaitikia amini mwenyewe.

Aliporudi alimkuta Azan amekaa nyuma kitini, mikono kisogoni, anangoja kusifiwa.

"Tazama, mzee." Akabonyeza, ramani ya delta ikafunguka papo hapo, mito yote, visiwa vyote, kabla mtu hajapepesa. Akabonyeza, ripoti. Akabonyeza, bibi harusi kwenye kiti cha dhahabu. "Inaruka kama swala! Hata Dar ofisi nyingi hazina mashine nyepesi hivi."

"Mungu akubariki, mwanangu," Kibwana alisema, naye alisema kwa moyo. Akavuta kiti mwenyewe. Waride alikuwa ameingia na sambusa zimefungwa kwenye gazeti, uso umemjaa furaha. Alijua ni saa ya nani.

"Mjomba, leo utamsikia mpaka mate yake," alisema. Akashika kipanya, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akateremka, akapanda. Furaha ikaanza kumtoka usoni polepole.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "palikuwa na kitu hapa. Kimeandikwa marehemu."

"Ee, nimekiona," Azan alisema. "Kwa kweli mlinirahisishia kazi. Sisi pale Kariakoo diski ikifa tunaiandika marehemu, tunatupa kwenye boksi la maiti. Nikasema kumbe watu wa Kibiti nao wana utaratibu, wamewakusanya wafu wao pamoja, kazi yangu kuzika tu."

Hakuna aliyecheka. Azan alimtazama Waride, akamtazama Kibwana, akateremsha mikono kutoka kisogoni.

"Kwani kilikuwa nini?"

"Mke wake," Waride alisema.

Kibwana aliinuka kitini.

Azan aliirukia mashine. Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta kwenye pipa la takataka la mashine, lakini pipa alikuwa amelimwaga mwenyewe. Alitafuta kwa njia nyingine, anaandika maneno kwenye kioo cheusi, jasho linamtiririka. Kibwana alisimama nyuma yake na kusubiri. Alikuwa amezoea kusubiri mbele ya mashine ile. Kusubiri kulikuwa na tumaini ndani yake, ukingoja sana kitu kilikuja. Leo majibu yalikuja upesi. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Ningeishia kufuta tu, pengine ningempata," Azan alisema mwishowe. "Kitu kikifutwa hakiondoki palepale, kinabaki kama mtu aliyehama, nyumba ipo. Lakini nilishapanga upya. Pale alipokuwa pameingia vitu vingine."

"Vitu gani?"

Azan alisitasita. "Siwezi kujua kwa hakika, mzee."

"Vitu gani, baba? Sema."

"Vilivyohamishwa vingi zaidi ni picha. Za harusi."

Kibwana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyokwisha kuijua. Bibi harusi wa Bwana Sadala bado alikuwa kwenye kioo, ametulia, amepambwa mikono mpaka viwiko.

Bwana Sadala aliingia kufuata sambusa zake. Alielezwa. Akalikunja paji la uso, kwa huruma, akasema, "Tatizo, mzee, hukusema. Ungesema tungeiweka kwenye sidi."

"Nilisema mimi!" Waride aliruka. "Nilikuomba sidi tupu, ukasema ni za kazi za mradi, ukazitilia muziki wa ukumbi wa harusi!"

"Wewe binti, adabu."

"Boti mlichukua nyinyi," Kibwana alisema.

"Boti gani?"

"Mlichukua boti. Kaburi likaenda na maji mkasema mtajenga ukingo, mko wapi? Ushirika mkala. Mikoko mkatukataza, mkawapa wengine. Na hichi kilichobaki, kipande cha sauti, kisichoziba njia ya mtu, nacho kilikuwa kinawajazia!"

"Mzee Kibwana," Bwana Sadala alisema, sasa bila huruma, "boti siijui, ukingo siujui. Mimi nimeajiriwa kwenye mikoko. Na hilo jina la marehemu aliandika nani? Si mimi."

Waride alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta uzi wa khanga yake. Alijua nani aliyetaka lile neno, nani aliyeambiwa hii mashine tu. Hakusema. Alikubali lawama imkae yeye mbele ya afisa wake na mbele ya mgeni, na ule ukimya wake ulimchoma Kibwana kuliko kama angemtaja. Kibwana akatafuta mkubwa wa kumtwisha hilo nalo. Wakubwa walikuwa wengi, aliwajua wote, lakini kwa neno hilo moja hakumpata.

"Ni mimi," alisema. Bwana Sadala alikuwa ameshageuka na sambusa zake.

Azan alifunga mkoba. Alimshika Kibwana mkono kwa mikono miwili, akasema nisamehe mzee wangu, Kibwana akamwambia haya, nenda, basi litakuacha. Hakuwa na kinyongo na kijana. Kijana alizika maiti aliyeonyeshwa.

Wakabaki wawili. Waride alijifuta macho, akavuta kibodi karibu.

"Mjomba, maneno yake yote ninayo kichwani. Nimemsikia kama wewe. Nikuandikie, tuyahifadhi kwa jina lake, yasipotee."

Waride alianza kupiga chapa, vidole vinakimbia, na mashine haikumchelewesha hata kidogo. Mikoko tunakata, baba. Tusipokata tule nini. Huyaaa, huyaaa. Wewe Kibwana. Yote aliyaweka, hakukosea neno. Kibwana alisogeza uso kwenye kioo, akaanza kuyasoma kwa kidole, akitamka chini kwa chini kama mtoto wa chuo cha Kurani. Ilimchukua muda. Alipofika baada ya mkia wa paka alisimama.

"Hili?"

"Hapo anacheka, mjomba. Nimeandika 'anacheka'."

"A-na-che-ka," Kibwana alisoma. Akalirudia. Akasikiliza. Alijaribu kumsikia, akashindwa. Alichokisikia ni kile kikohozi cha mashine, vipandevipande, maana ndicho alichokisikia miezi yote ya mwisho, nacho kimeshakaa mahali pa kile cha kweli.

"Lifute hilo," alisema.

"Lipi, mjomba?"

"Hilo la kucheka. Hacheki mtu hapo. Lifute."

"Mjomba..."

"Lifute, Waride."

Waride alibonyeza, na neno likaondoka palepale, bila kungoja. Kibwana akavaa kofia. Alimwambia aizime mashine taratibu, iage, kwani anakwenda kukata jenereta.